Kizibo Kimoja

Barua ya Sechelela ilikaa mfukoni mwangu siku kumi na moja.
Naanza na hilo, maana ndilo langu.
Karatasi ya daftari, mwandiko wa fundi cherehani,
umenyooka kama pindo:
"Jumamosi, fainali, upepo ulipoingia bandani
tulifumba macho wote. Nilipofumbua,
kizibo chake kimoja kilikuwa kimehama.
Naomba chama kinisikilize."

Kinisikilize. Neno moja tu.
Nikalikunja mara nne,
likalala na funguo na risiti ya luku.

Kwa sababu anayetajwa ni Chidawali,
bingwa wetu wa drafti miaka mitatu,
aliyenipa nauli ya Kondoa nilipofiwa na mama;
ambaye akigusa kete, hata mashine ya alizeti,
ungeapa, inapunguza mngurumo.
Nikajiambia: mambo ya mchezo haya, yatapita na upepo.

Kizota upepo haupiti. Unazunguka, unarudi
na vumbi lilelile, na maneno mapya juu yake.
Jumatano Chidawali alikuwa amehamisha kizibo.
Alhamisi, vitatu.
Ijumaa, makombe yote yalikuwa ya wizi
tangu enzi tunachezea Chang'ombe kwenye kreti za soda.
"Lisemwalo lipo," wakaniambia wabeba shudu.
Lipo wapi? Nani alikiona kizibo kikitembea?
Wakatazama kandambili zao.

Ndipo nikaona kimya changu kimekula kete mbili kwa mkupuo:
huyu hajasikilizwa,
na yule amehukumiwa bila kuitwa.

Siku ya kumi na mbili niliisoma barua mbele ya kamati,
nikasema nina deni kwake, deni la msiba,
meza hii siiwezi. Kesi ya nyani
ngedere asiipokee, hata kama muhuri anao yeye.
Nikamwachia Mnyakongo kalamu,
nikakaa nje juu ya gunia
kama mtu aliyepeleka mgonjwa.

Mengine niliyasikia kupitia bati.
Sechelela alisema yake, hakuna aliyemkatiza.
Chidawali alisomewa neno kwa neno, akapewa siku tatu za kujibu,
na aliporudi, naye hakukatizwa.
Waliitwa watu kumi na sita waliokuwepo:
macho thelathini na mawili, yote yalikuwa na mchanga.

Kuhusu kizibo, akasoma Mnyakongo, haikuthibitika.
Matokeo yabaki. Dumu la mafuta libaki lilipo.
Nikasikia kiti cha Sechelela kikisogea.
Nilidhani anaondoka. Alikuwa anakaa vizuri.

"Kuna Jumanne usiku," akasema.
"Alikuja Nkuhungu, akasimama kwenye mlango wa kibanda changu
saa nzima, akinitaka niifute barua.
Nilishona mikono ya shati moja mara mbili,
kwa kutojua nifanye nini na vidole."
Na Chidawali, ambaye hajawahi kukana kete akishaigusa,
akasema: ni kweli, nilikwenda.

Miezi sita asikanyage bandani.
Si kwa kizibo. Kwa ule mlango.

"Ila ulijuaje nani kaandika?" Mnyakongo akauliza,
"na barua ilikuwa haijafika kwetu?"

Ndani kimya.
Hakunitaja. Alikuwa rafiki hata hapo.
Mimi ndiye niliyemwambia, siku ya pili,
tukimenya karanga, kwa mzaha, eti:
kuna mwanamke anakuandama.

Nikainuka pale guniani, nikaingia, nikasema.
Muhuri niliuacha mezani
pamoja na daftari la michango.

Sasa kazi yangu bandani ni turubai.
Kila Jumamosi, kabla vizibo havijapangwa,
nalifunga upande wa upepo, nalivuta likazike,
naweka mawe matatu chini yake.
Pindo lake kashona Sechelela.
Alinitoza bei kamili.
Sikuomba anipunguzie.